Mdomo na kalamu: niliyoongea na wazazi wa Nyakato kuhusu majina ya ajabu

Jumapili iliyopita kikundi kimoja cha VICOBA, hivi vya kuweka na kukopa, hapa Nyakato, Mwanza, walikuwa wanagawana hela zao za mwaka, wakaniita nikaongee. Nikauliza niongee nini, mi sijawahi hata kuwa mweka hazina, mama mwenyekiti akasema mwalimu we njoo utuambie habari ya majina, maana humu ndani kuna mtu ana mimba ya miezi minane na nyumba haina amani kwa ajili ya jina. Waliokuwepo wakaniomba niandike, wasiokuwepo wakaniomba zaidi, basi hii hapa, nimeandika kama nilivyoongea, kile Kiswahili cha ubaoni nimekiacha ubaoni.

Tumsifu Yesu Kristo. Asalam aleikum. Bwana asifiwe. Mwadila! (Wakaitikia vizuri tu, isipokuwa meza ya nyuma walikuwa bado wanahesabu.)

Ndugu zangu, wanangu, mi naitwa Kasia. Najua hapa mtaani mnaniita mwalimu, wengine Mwalimu Kasiani, lakini jina alilokuwa ananiitia mama ni Kasia, kasia hilihili la kupigia maji. Ngoja niwaambie lilikotoka alafu ndo tutaingia kwenye ugomvi wenu.

Mwaka 1960 mwezi wa nane mama yangu alikuwa kisiwani Kome, mimba yangu imefika, ikaonekana mambo hayaendi vizuri, bibi akasema huyu avushwe apelekwe nchi kavu. Wakampakia kwenye mtumbwi wa tanga, yeye, bibi, baba na mjomba, wakaelekea upande wa Nyakaliro. Katikati ya maji upepo ukakata. Mliotoka visiwani mnajua upepo ukikata saa nane mchana inakuwaje, ziwa linatulia kama sinia, tanga linalala, jua linakuchoma kutoka juu na kutoka chini. Baba na mjomba wakashika makasia wakapiga, wakapiga, uchungu nao unakuja mbio kuliko wao, bibi akamwambia mjomba hebu lete hilo kasia, akampa mama mpini auume asije akajing'ata ulimi. Nikazaliwa hapohapo, mtumbwi unazunguka wenyewe maana kasia lililobaki lilikuwa la upande mmoja.

Lile kasia nimeliona. Bibi hakukubali livuliwe samaki tena, alilichomeka juu kwenye paa la nyasi, na nilipokuwa na miaka kama sita hivi siku moja akalishusha akanionyesha. Kwenye mpini kuna vishimo vinne, viwili huku viwili huku, meno ya mama. Nikaweka kidole kwenye kimoja, kikakaa. Akasema haya, jina lako ndo hilo. Hakuongeza neno, akalirudisha juu akaenda kuanika dagaa zake.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Baada ya wiki kama tatu nikapelekwa kubatizwa. Padre, mzungu, mtu mwema tu tulivyoambiwa, akauliza mtoto anaitwa nani, baba akasema Kasia. Padre akasema hamna mtakatifu anaitwa Kasia. Akafungua kalenda yake, mwezi wenyewe wa nane, akakuta tarehe 13 kuna Mtakatifu Kasiani wa Imola, akasema hii inakaribiana, akaandika Cassianus. Mnajua huyo mtakatifu ni nani? Alikuwa mwalimu huko Italia, akauawa na wanafunzi wake mwenyewe, wakamchomachoma na vile vijiti vya chuma walivyokuwa wanaandikia. Mi nimefundisha miaka 38 na jina hilo, kila wanafunzi wakitoa kompasi za hesabu nilikuwa nasogea karibu na mlango. (Hapa walicheka mpaka meza ya nyuma ikapoteza hesabu, ikabidi waanze upya.)

Darasa la kwanza mwalimu akaniuliza unaitwa nani, nikasema Kasia, akaandika Kassia, S mbili, sijui ya pili aliitoa wapi. Cheti cha darasa la saba kikatoka Kasian. Chuo cha ualimu wakaomba cheti cha ubatizo, wakaona Cassianus, wakasema hiyo -us ni ya kilatini, wakaandika Cassian. Barua ya ajira ikaja Kassian. Kitambulisho cha taifa nilichopata juzi juzi tu hapa, Kasiani. Mtu mmoja huyohuyo, tumbo moja, mtumbwi mmoja. Nikastaafu mwaka 2020 nikaenda ofisi moja kufuatilia mafao, siitaji, kijana wa dirishani akapanga karatasi zangu mezani kama mtu anacheza karata, akaniangalia akasema mzee, hawa ni watu watano, wewe ni yupi?

Nikaenda kwa wakili nikala kiapo kwamba Kassia, Kasian, Cassian, Kassian na Kasiani ni mtu mmoja na mtu huyo ni mimi. Nikarudishwa mara tatu. Miezi saba jamani, naishi kwa hela ya mke wangu ya vitumbua, na kila nikirudi nyumbani ananiuliza leo umekuwa nani.

Kwa hiyo mkiniuliza kama jina la ajabu linamtesa mtoto, nawaambia Kasia halijawahi kunitesa. Shuleni walinitania, ndiyo, "Kasia tupeleke Kome", kama wiki mbili hivi alafu wakachoka, maana rafiki yangu aliyekuwa anaitwa Petro naye waliishia kumwita Petroli, jina la mtume kabisa halikumsaidia kitu. Kilichonitesa ni kwamba kila aliyeshika kalamu aliona jina nililopewa kwenye maji halijatimia, akaliongezea kipande. Mdomo wa bibi ulisema herufi tano. Kalamu zikaleta mengine yote.

Sasa nije kwenye hili mnalolisema sana siku hizi, kwamba wazazi wa sasa wameharibika wanawapa watoto majina ya ajabuajabu. Nani kawaambia limeanza leo? Sisi watu wa huku ndo mafundi wa majina ya ajabu. Hebu sikilizeni Kisukuma kama vile hamjawahi kukisikia. Mtoto kazaliwa mvua inanyesha, mnamwita Mvua, ndo huyo Mabula, na wa kike Kabula. Mwingine kazaliwa kuna mawingu, Malunde. Mwingine Jua, ndo Limi. Kazaliwa mwaka wa njaa mnamwita Njaa, Nzala, tena mnamwita mezani! Makoye ni matatizo. Katanguliza miguu badala ya kichwa, Kashinje, yani mpaka anazeeka kila anayemwamkia anajua mama yake alijifungua vipi. Tumezoea tu masikio. Leo mzazi akimwita mtoto wake Mvua kwa Kiswahili mnamshangaa, alafu mnageuka mnamsalimia jirani yenu Mabula.

Na sio sisi peke yetu, ziwa zima liko hivo. Nenda Rorya kwa Wajaluo, au vuka mpaka ufike Kisumu, ukutane na Okoth, huyo ni Mabula wetu. Okech ni wa wakati wa njaa, huyo ni Nzala. Mapacha sisi tunasema Kulwa na Doto, wao Opiyo na Odongo, Waganda kule juu wanasema Wasswa na Kato, wa kike Babirye na Nakato. Na anayezaliwa baada ya mapacha hata kama kaja peke yake naye ana jina lake limemsubiri, huku Shija, Uganda Kizza. Yani watu hawaelewani lugha, mmoja anasema mayu mwingine anasema mama kwa namna yake, wanaibiana nyavu kila siku, lakini juu ya huyu anayefuata mapacha wamekubaliana bila kikao. Hata huu mtaa tunaokaa, Nyakato, ukivuka kwenda Kagera na Bunyoro hilo ni jina la pacha wa kike wa pili. Tunapanda daladala za jina la mtoto kila siku asubuhi na hamna anayeshangaa.

Viongozi wetu nao. Aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu anaitwa Doto Mashaka Biteko, hebu litafsirini kwa mgeni muone atakavyowatazama. Rais wa awamu ya tano, Magufuli, mtu wa hapohapo Chato pembeni ya ziwa, jina la kati Pombe. Lilikuwa kwenye karatasi za kura mwaka 2015, watu wakalisoma wakapiga kura wakaenda nyumbani.

Na hata yale mnayoona ni ya heshima, ya kanisani, nayo ni majina ya ajabu tu ila yamevaa suti. Adeodatus wako wengi kanda hii, maana yake katolewa na Mungu. Deusdedit ni hivohivo, Mungu katoa. Deogratias, Mungu ashukuriwe. Wachaga wao wakaona kilatini cha nini, wakaandika Godlisten moja kwa moja, mnawacheka. Mnawacheka nini? Hapo Malimbe kuna chuo kikuu kina jina la Mtakatifu Agustino, na mtoto wa huyo Agustino aliitwa Adeodatus, miaka zaidi ya 1600 iliyopita, na naamini kulikuwa na shangazi mmoja pembeni anasema hilo nalo ni jina gani.

(Hapo baba mmoja akauliza, mwalimu, na wale wanaolilia jina? Nikamjibu kwa kifupi, ila hapa nimeongeza kidogo.) Mdogo wangu alilia siku tisa mchana na usiku, wazee wakasema analilia jina, wakaenda kuuliza kwa mfumu, yani mganga, likatajwa jina la mama yake babu, akaitwa hilo, akanyamaza siku ya kumi. Mi nimesoma, najua inawezekana chango lilikuwa limeisha lenyewe. Lakini nawaambia kitu kimoja, kuanzia siku ile kila mzee aliyeingia nyumbani alimwamkia kale katoto "shikamoo mama", na mtoto anayeamkiwa na wazee toka ana siku kumi anakua anatembea tofauti kabisa. Yule dada mpaka leo hapangi foleni.

Kuna majina mi siyapendi, nisiwafiche. Sio kwa sababu ni ya ajabu. Ni yale mzazi anayompa mtoto ili jirani asikie. Semeni. Sijali. Watajiju sijakutana nalo bado lakini nalisubiri. Hayo ni maneno ya kwenye kanga, na kanga ikichuja unaifanya ya kupigia deki, sasa mtoto utampeleka wapi? Nilifundisha binti anaitwa Semeni. Nikamuuliza mama yake siku ya kikao, akasema mwalimu, wakati ule wifi yangu alikuwa ananisema sana. Nikamuuliza na sasa? Akasema aah sasa tunaelewana, ndo huyo amekaa pale. Wifi mwenyewe kamsindikiza kwenye kikao! Ugomvi umeisha mtoto hajaota hata meno, yeye ndo kabaki nao kwenye daftari la mahudhurio, naita Semeni, darasa zima linaitikia tunasemaaa.

Alafu kuna hili la sasa hivi la kuchanganya. Baba Joseph mama Adrine, mtoto Jaydrine. Nimeishia kazi yangu na haya. Sina ugomvi nayo, yana upendo ndani yake, ni kama mtu na mke wake wameunganisha viwanja wakajenga nyumba moja. Shida yake ni masikio. Mwaka mmoja nilikuwa na akina Brayton watatu kwenye darasa moja, mmoja Brayton, mmoja Brighton, mmoja Braiton, na kila matokeo yakitoka nilikuwa naletewa mzazi mwenye alama za mtoto wa mwenzake. Yule wa I alikuwa anaongoza, kwa hiyo wote walikuwa wanasema wao ndo wa I.

Mjukuu wangu juzi alinionyesha kwenye simu yule tajiri Elon Musk, mwaka 2020 kapata mtoto akamwita X Æ A-12, sijui hata naanza kulisoma wapi. Kule California wakamwambia namba kwenye cheti hatuweki, akabadilisha ile 12 akaandika kwa kirumi, XII, yakaisha. Ufaransa nako, ilitangazwa mwaka 2015, wazazi walitaka mtoto aitwe Nutella, ile chokoleti ya kupaka mkate, jaji akakataa, akaitwa Ella. Nikamwambia mjukuu wangu, unaona, kwa wenzetu kalamu inabishana na wewe usoni, unajua umeshindwa, unaenda nyumbani. Kwetu kalamu haibishani. Inasema sawa mzee, alafu inaandika inachotaka.

Na hii tabia ya kalamu ni ya zamani hapahapa Mwanza. Mwaka 1858 alifika mwingereza John Hanning Speke, katoka Tabora kwa miguu, akaliona hili ziwa letu kutokea huku kwetu. Wajaluo walikuwa na jina lao, Nam Lolwe. Waganda, Nalubaale. Sisi huku tunasema Nyanza. Yeye akaandika Victoria, malkia wake, mama wa watu kule London ambaye hajawahi hata kunawa mikono humu. Likaingia kwenye ramani, ndo limekaa. Kwa hiyo ziwa na mimi tunafanana, wote tumeandikiwa. Tofauti ni kwamba lenyewe halifuatilii mafao.

Mara moja moja watu wanaishinda kalamu. Ng'wanamalundi mnamsikia, yule bingwa wa ngoma wa Wasukuma ambaye Wajerumani walimpeleka mbali. Jina lake hasa ni Igulu, Igulu Bugomola, hilo Ng'wanamalundi watu walimpa tu kwa ajili ya miguu yake mirefu. Muulize leo mtoto yeyote Igulu ni nani, hajui. Lakini huyo alikuwa Ng'wanamalundi bana, we na mimi tunahitaji cheti.

Kwa hiyo tuongee cheti, hili nalisema haraka maana ni kazi sio hadithi. Mtoto akizaliwa hospitali unapewa tangazo la kizazi. Usajili ni ndani ya siku 90, na huyu wa chini ya miaka mitano siku hizi anasajiliwa hapohapo kituo cha afya au ofisi ya kata, cheti ni bure, kinaandikwa kwa mkono. Kwa mkono! Yani ni mtu ana foleni ya kina mama thelathini, watoto wanalia, kalamu imeanza kukwama, na wewe unamwambia kwa mdomo "Jaydrine". Usimwambie kwa mdomo. Nenda na karatasi umeandika herufi kubwa, ile ile uliyoandika kwenye kadi ya kliniki, na kabla hujatoka mlangoni soma ulichopewa herufi kwa herufi, hata kama nyuma wanakusonya. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20 na sijawahi kusikia mtu kakosewa hata moja, ila jina la herufi tano, mimi hapa. Mtoto akienda chuo anaomba mkopo wanaanza kuhakiki cheti chake, herufi moja tu inamkalisha nyumbani.

Haya. Ugomvi wenyewe.

Hawa wawili wameniruhusu nisimulie, ila majina yao siyasemi. Huyu baba alikuwa utingo wa lori la mbao, Geita kuja Mwanza, miaka yote wakifika Busisi wanakaa foleni ya kivuko. Huyu mama alikuwa anauza samaki wa kukaanga na mihogo palepale kwenye foleni, anapita na sinia kichwani gari hadi gari. Baba anasema siku ya kwanza alinunua samaki wa buku, siku ya pili wa buku mbili, siku ya tatu dereva wake akamuuliza we unalisha nani. Foleni ndo iliyowakutanisha, mnielewe, isingekuwa foleni lile lori lingepita. Kuna siku gari zilikaa kuanzia saa kumi jioni mpaka asubuhi na yeye akaomba Mungu kivuko kisirudi.

Tarehe 19 mwezi wa sita mwaka 2025 daraja likafunguliwa, lile la JP Magufuli, Kigongo mpaka Busisi, kilometa 3 juu ya maji. Gari inapita dakika tano. Baba akafurahi, safari zikaongezeka, mshahara ukasogea. Mama sinia lake likabaki kichwani, gari hazisimami tena, utamuuzia nani samaki, upepo? Wakahamia huku Nyakato, kaanza upya na genge. Mimba ikaingia miezi hiyohiyo. Sasa baba anasema mtoto aitwe Daraja. Na mama anasema, nanukuu alivyoniambia sebuleni kwangu, "Mwalimu, lile ndo lililonifukuza kazi, nikamuite mwanangu aliyenifukuza?"

Na wakwe wameingia. Upande mmoja unasema Daraja sio jina la mtu, watoto watamtania. Upande mwingine unasema aitwe la babu yake. Kanisani wamesema atafutiwe mtakatifu, na mi nikiwasikia hivo mgongo unanisisimka.

Mi ninachokiona ni hiki. Mama, wazee wetu waliomwita mtoto Nzala hawakuwa wanaisifia njaa. Hakuna mtu alikaa akasema njaa imetutendea vizuri mwaka huu tuipe mtoto. Ilikuja, ikala ng'ombe, ikala watu, na katikati yake mtoto akazaliwa akabaki hai, wakamwita Njaa ili kila anayemwita akumbuke nani alikuwepo. Hata mama yangu, mnafikiri alikuwa analipenda lile kasia? Alilitia meno. Kwa hiyo kama kinachokukera ni kwamba jina sio tamu, jina halilazimiki kuwa tamu. Lakini na wewe baba, ukimwambia huyo mtoto ulikotoka jina lake, uhadithie yote, na sinia. Usije ukamwambia daraja lilifunguliwa wakapiga ngoma basi. Ukikata nusu ya mama yake umemwandikia Cassianus.

Kuhusu utani, nimeshasema, Petroli.

Alafu nikafanya kitu nilichokuwa nakifanya darasani. Nikamuomba katibu akate karatasi kwenye kaunta buku lake, nikawapa watu watano wa mstari wa mbele kalamu, nikasema nataja jina, mwandike bila kuchunguliana. Nikataja Jaydrine. Nikakusanya: Jeidrini, Jaydreen, Jedrin, Geydrine, na mzee mmoja kaandika J. Adrini, kafikiri J ni la kwanza Adrini ni la ukoo. Nikataja Kasia. Wote watano sawasawa, nikaziinua juu nikawaambia mnaona, kumbe inawezekana, miaka yote hii nilikuwa nahitaji nyinyi watano tu. Nikataja Daraja. Wanne sawa, mmoja kaandika Darajah. Nikamuuliza mwanangu hiyo H ya mwisho ya nini, akasema mwalimu inapendeza.

Baba akasimama anashangilia kama kafunga goli, anasema mmeona, mmeona, linaandikika. Mama hakusimama, na mimba ile angesimamaje, akanyoosha mkono tu kama mwanafunzi. Nikasema haya mama. Akasema, mwalimu, na Kivuko je?

Ukumbi ukalipuka. Hata wanaohesabu hela wakaacha. Mumewe kakaa chini anacheka huku kashika kichwa, mtu wa nyuma anapiga kelele wakiwa mapacha basi, mama anasema utrasaundi imeonyesha mmoja. Nikasubiri watulie. Nikataja Kivuko, wale watano wakaandika, wote watano sawa, hata yule wa H hakupata pa kuiweka.

Nikamuuliza mama, sasa? Hakunijibu. Akaomba kalamu na karatasi. Akageukia pembeni akaandika kitu, sio kirefu, akakisoma mwenyewe midomo inacheza, akakunja karatasi mara mbili akaitia kwenye pochi pamoja na hela yake ya mgao akafunga zipu. Mumewe akasema hebu tuone, akamwambia utaiona kwenye cheti.